Nisalimie Mzee

"Imeingia. Jamaldin Sabir."

Fuad alikuwa na tabia hiyo ya kusoma majina kwa sauti. Duka lake la viungo, pale Ndia Kuu, ni jembamba; wateja hulipa kwa simu wote kwa pamoja, na asipotaja jina hujui pesa ya nani imefika na ya nani bado. Alikuwa mgeni mtaani. Mume wangu, ambaye simu yake ndiyo niliyolipia, hakuwahi kumwona.

Nilikuwa nimetoka eda juzi tu. Nyumbani, kila aliyefungua kinywa alianza na lile neno: marehemu alipenda hiki, marehemu alisema vile. Wema wao nauelewa, lakini wallahi neno lile lilikuwa likinichoma. Na huku mtu hanijui, anasoma jina la mume wangu kavu kavu, kama la mtu aliyeketi barazani akingoja chai. Kisha akaniambia, "Nisalimie mzee."

"Zimefika," nikajibu. Ulimi ulinitangulia.

Basi nikawa mteja. Pesa zilikuwa zangu, nikizitia kwenye laini ya mume wangu, nikinunua iliki leo, iliki kesho. Jina likisomwa, nasimama kidogo kabla ya kuondoka. Salamu nikapewa, nikazipokea.

Binti yangu Yumna alikuja kutoka Tudor kunitazama, akafungua kabati kutafuta sukari, zikamporomokea pakiti za iliki. Nikasema nataka kupika mahamri. Mahamri ya mji mzima? akauliza, wala hakucheka. Akaketi, akaitazama simu ya babake mezani, nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "baba hanunui iliki."

Nililia siku ile kuliko siku ya maziko. Kesho yake tulikwenda pamoja kuifunga laini, na Yumna akanifundisha kutumia kadi yangu ya benki, ambayo sikuwahi kuitoa kwenye bahasha. Aliisifia kwamba haina kelele: unaigusisha tu kwenye mashine, basi. Hakujua kwamba hilo ndilo nililoliogopa.

Nilikaa wiki nzima bila kwenda Ndia Kuu. Nilipokwenda, nilitaka bizari tu. Fuad akanisogezea mashine, nikagusisha kadi, ikalia mara moja, ikanyamaza. Hakuna jina. Akaichana risiti, akanitazama kwa mshangao.

"Leo hukutumia simu ya mzee, Bi Mwanaesha? Haya, nisalimie."

Neno lilikuwa pale pale mdomoni, limezoea njia. Nikalimeza.

"Muombee, Fuad," nikasema. "Jamaldin ni marehemu."

Akaiweka risiti chini. Sijui alikumbuka salamu ngapi alizonipa, hakuniuliza. Aliinua mikono akamwombea, akamtaja jina lake lote, kwa sauti ile ile ya kila siku. Wateja waliokuwa nyuma yangu, simu mikononi, wakaitikia amin.

Nami nikaitikia.