Figo la Mama, Ini la Mtoto

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama huyu aliujua mara mbili: alipomzaa binti yake, na alipompa figo. Mafigo ya binti yalikuwa yamekufa yote mawili, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, mpaka madaktari walipompima mama wakaona la kwake linafaa. Wakalitoa kwa huyu, wakampandikiza yule.

Tangu hapo mama hakusema "figo lako". Alisema "mwenzangu". Walikuwa na kibanda cha ushonaji, binti cherehanini, mama kwenye pasi, na kila asubuhi kabla ya kufungua aliuliza:

"Mwenzangu kaamkaje?"

"Mzima, anakusalimu. Anasema jana ulizidisha chumvi."

"Mwambie aache umbea. Nilitia chembe tu."

Wakicheka hivyo, mama alisimama wima kama askari mpaka dawa za figo zimezwe, zile zinazotuliza kinga ya mwili ili isilishambulie figo kama mgeni asiyealikwa. Zikishuka, huyo kwenye pasi yake.

Sasa, kulikuwa na kidonge kingine kando, cha ini. Daktari aligundua mapema kwamba binti anavyo virusi vya homa ya ini, vimelala tu kimya. Akawaonya: kinga ikitulizwa, virusi hivi huamka, kidonge hiki ndicho kinachovizuia, asikiache hata siku asiyoumwa. Mama alisikia kwa sikio moja. Figo lilikuwa lake, ini halikuwa lake. Akalinda kilichomhusu.

Siku moja mama alipotoka kuteka maji, akaja mteja mmoja mwenye mdomo usio na pazia. Akakiona kichupa cha dawa ya ini kando ya cherehani.

"Dada, hizi dawa nazijua. Si za wenye ukimwi hizi?"

Wateja wengine wakageuza shingo. Binti akasema ni za mtu, akakisukumia kichupa kwenye boksi la vipande vya nguo. Hakukitoa tena, wala hakumwambia mama.

Miezi ikapita. Binti akaanza kuchoka. Chakula akawa anakizungusha tu sahanini. Mama akamtazama miguu: haijavimba. Akamwuliza habari ya haja ndogo: inatoka vizuri, ila imekolea rangi kama chai iliyochemka sana.

"Basi mwenzangu hana neno," mama akasema, roho ikatulia. "Kunywa maji, mwanangu."

Wakati huo binti alikuwa anashona majoho ya kwaya, ya manjano, yamejaa kibanda kizima. Mama akaona macho ya binti nayo yana umanjano, akamtania: "Kitambaa hicho kitakupaka rangi mpaka rohoni!" Binti akatabasamu bila nguvu.

Majoho yakachukuliwa. Yakaja mashati meupe ya shule. Mama akainua uso kutoka kwenye pasi, akamwona binti kainamia weupe ule, na macho yake ni ya manjano vilevile.

"Hebu nitazame."

"Usingizi tu, mama."

"Usingizi hauna rangi! Inuka, twende."

Hospitali wakatoa damu, wakangoja majibu. Daktari akasema, "Figo liko salama. Ini ndilo linaloungua. Ile dawa ya ini unakunywa?"

"Anakunywa!" mama akadakia. "Mimi mwenyewe namsimamia!"

Binti akatazama ukuta. "Ile hukunisimamia, mama."



Daktari hakuwapigia kelele. Alisema virusi vimeamka, dawa inarudishwa sasa hivi. Wengine huja wakati ini limeshakufa, hivyo hawezi kuahidi kitu mpaka damu ijibu. Binti alipoeleza habari ya yule mteja, daktari akatikisa kichwa. "Dawa hii inatibu magonjwa mawili, homa ya ini na ukimwi, kama sindano yako inavyoshona suruali na gauni. Na hata ungekuwa na ule mwingine, kumeza dawa si aibu."

Mzazi mwenzangu, mwenye mgonjwa kama huyu, usilinde kiungo kimoja ukamsahau mtu. Uliza kila kidonge kina kazi gani. Na ukiona manjano machoni, usitafute kisingizio, kimbia.

Wodini binti akajikunja kitandani. "Nigombeze basi, mama."

"Nikugombeze nini? Niliweka mlinzi mlango wa mbele, mwizi akapitia wa nyuma." Akamvutia shuka mabegani.

"Niliogopa wataacha kuleta nguo."

"Waache. Aibu ningeipiga pasi ikanyooka. Ini nitalipigaje pasi, mwanangu?"

Binti akacheka, kisha akalia, na mama akamlaza kifuani kama alipokuwa mchanga. Wakakaa hivyo. Kila damu ilipotolewa, mama alishika ukingo wa kitanda mpaka majibu yaje. Yalibaki mabaya kwa muda, halafu yakaanza kutengemaa pole pole, weupe ukarudi machoni, na binti akaomba chakula.

Waliporudi kibandani, kichupa kikawekwa mezani, wazi. Haukupita muda, yule mteja akaja na kitambaa cha gauni.

"Bado zile zile, dada?"

Mama akaweka pasi chini, ulimi ukimwasha. Binti akamwahi.

"Zile zile. Ni za homa ya ini. Ulipouliza nilizificha, nikaponea chupuchupu. Wewe umeshapima?" Akameza kidonge chake mbele yake, akachukua futi. "Inua mikono nikupime kifua."

Mteja akainua mikono. Kiuno kilipopimwa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kupima kwenyewe kunauma?"

"Kidogo. Si kama kuulizwa mbele za watu. Kesho mama atakusindikiza."

"Nitamsindikiza," mama akasema, "lakini njiani anyamaze."