Mdhamini wa Muhannad

Siku tuliyomzika mume wangu, Muhannad, nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Kabla jeneza halijainuliwa, shemeji yangu Salem alisimama barazani akasema kwa sauti, "Mwenye kumdai marehemu aje kwangu. Deni lake nnalibeba mimi." Sote tulisikia. Kwenye chuo cha Kurani tumefundishwa kuwa maiti hubaki ametundikwa na deni lake mpaka alipiwe. Basi nikashusha pumzi, nikajua Muhannad kenda mwepesi.

Mwaka ukapita. Nikenda kwenye kampuni ya mikopo Darajani kutaka pesa za kumalizia malipo ya kiwanja chetu cha Chukwani. Muhannad alikuwa seremala; alishajenga msingi na kusimamisha fremu ya mlango kwa mkono wake. Mwenye kiwanja alinipa mpaka Ijumaa, la sivyo anamuuzia mwengine.

Karani, Bi Basma, aliigeuza kompyuta ili nione.

"Hatuwezi, dada Zuleikha. Jina lako lina deni, la ile mashine ya randa ya mumeo. Wewe ndiye mdhamini."

"Deni hilo lishabebwa. Salem kalibeba mbele za watu, maiti yupo pale."

"Kaleta pesa?"

Salem yuko Maskati, simu hapokei.

"Kompyuta haikuja mazikoni, dada." Akacheka kidogo, kisha akaniona uso, akapunguza sauti. "Lakini njia ipo. Niletee cheti cha kifo. Mdhamini wa marehemu huwa tunamtoa. Jina lako litakuwa safi, na mkopo utapata wiki hii hii."

"Na deni?"

"Litabaki kwa jina lake. Halitodaiwa wala halitolipwa. Tushalihesabu hasara."

Wala halitolipwa. Na Bi Basma mwenyewe alidhani ananifariji.

Nyumbani nilimkuta mama yake Muhannad, Bi Tamima, anachagua mchele. Nikamweleza yote.

"Katoe jina lako, mwanangu," alisema. "Wewe uko hai. Yeye yuko kwa Mola wake."

"Nikitoa langu, mama, atabaki nalo peke yake."

"Katoe, nshakwambia."

Hakuinua kichwa. Nilimtazama vidole. Alikuwa akitupa mchele mzima na kuacha chuya kwenye ungo.

Ijumaa nilikwenda Darajani bila ya cheti. Nilimwambia Bi Basma deni alibakishe kwangu, ntalilipa kidogo kidogo kwa maandazi yangu.

"Na kiwanja?"

"Kiwanja ndo basi tena."

Alasiri nikenda Chukwani na nyundo. Mzee Ubwa, mwenye kiwanja, hakunizuia. Alikaa juu ya tofali akatazama pembeni. Msingi hauna wa kuung'oa. Fremu ilitoka, lakini kwa tabu. Muhannad akipigilia msumari alikusudia ukae.

Sasa imeegemea ukumbini kwa Bi Tamima. Hakuna mlango humu ndani unaoitosha. Tukipita tunaipisha, kama kuna mtu kasimama.