Kompadre Anaandika

Persio alikuwa kinyozi hodari, lakini watu wa mji wa Moca hawakumwogopa kwa wembe wake. Walimwogopa kwa maswali. Ukishafungwa kitambaa shingoni na kichwa kimeshanyolewa upande mmoja, huna pa kukimbilia, na hapo ndipo alipoanza. Chukulia kuku wangekuwa na simu, jogoo angejisumbua kuwika? Chukulia Nuhu angekuwa na kundi la familia kwenye simu, safina ingeondoka siku ile, au mpaka leo wangekuwa wanabishana nani alete wali? Mtu aliingia na nywele nyingi akatoka na mawazo mengi.

Jioni, akishafunga kibanda chake, alihamishia maswali hayo kwenye duka la Doña Nereida, ambako meza ya dhumna ilikaa chini ya kipenu cha bati. Doña Nereida alimwekea sheria ya swali moja kwa kila chupa. Persio hakuwa mnywaji, lakini kwa ajili ya maswali alijitahidi.

Mtu pekee aliyemjibu kwa dhati alikuwa Cirilo. Persio ndiye aliyemsimamia binti wa Cirilo ubatizoni, na tangu siku ile wakaitana kompadre na kuketi wakitazamana kwenye meza ile, timu moja. Dhumna huchezwa wawili kwa wawili, na wenza hawaruhusiwi kuambizana kitu. Hawa hawakuhitaji. Walisomana kwa kete. Ukiwa na kete moja tu inayoingia, unaibamiza mezani papo hapo. Ukisita, mwenzako anajua unazo mbili, unachagua. Kusita ni kauli kamili, na anayesita ilhali ana kete moja ni mwongo. Kwenye duka lile mwongo wa dhumna alikuwa chini ya mwizi, kwa kuwa mwizi angalau hujituma.

Sasa sikukuu ya mtakatifu wa mji ilikuwa imewadia, na Jumapili kulikuwa na mashindano ya dhumna. Mshindi angepata mbuzi, ambaye tayari alikuwa amefungwa nyuma ya duka akitafuna maboksi ya sabuni. Cirilo hakuwepo. Mwanzoni mwa wiki alikwenda mjini Santiago kwa bintiye, akasema ana shughuli kidogo, na tangu hapo kiti chake kilikuwa kitupu. Persio hakumjali sana mbuzi. Alikijali kile kiti.

Ijumaa akamtumia kompadre ujumbe wa sauti, mrefu kama kawaida yake. Alieleza joto lilivyo, akaeleza mteja aliyesinzia akakoroma chini ya mkasi, akauliza kama samaki angejua kuogelea endapo angezaliwa peke yake, na mwisho kabisa akasema, basi Jumapili tuko pamoja, si ndiyo?

Alama mbili za buluu zikatokea. Chini ya jina la Cirilo pakaandikwa: Anaandika. Likapotea. Likarudi. Likapotea tena. Persio alisimama na mkasi hewani, na mteja kitini akaanza kuhofia sikio lake. Hatimaye jibu likaja.

"Ndiyo."

Neno moja, baada ya kuandika muda ule wote. Persio akampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Kisha ile Anaandika ikaanza tena kuja na kupotea, mpaka pakaja maneno mawili: "Nina kazi." Cirilo, ambaye tangu astaafu udereva kazi yake kubwa ilikuwa kuhamisha kiti kufuata kivuli.

Persio aliibeba simu mpaka dukani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Doña Nereida," akasema, "chukulia umemuuliza mtu swali la ndiyo au hapana. Akafikiri weee, kisha akasema ndiyo. Hiyo ni ndiyo?"

Doña Nereida alikuwa akikata soseji. "Marehemu mume wangu aliponiposa nilifikiri mwaka mzima. Nikasema ndiyo."

"Ulikuwa na mwingine?"

"Kwani wewe ulidhani nilikuwa nafikiri nini?"

Jibu hilo lilimmaliza. Toñito naye akaweka lake. Huyu alikuwa akiuza maparachichi kwenye pikapu yenye kipaza sauti, na kwa miaka ya kunadi alikuwa amesahau namna ya kunong'ona. Akasema, na barabara nzima ikasikia, kwamba kompadre amepata mwenza mwingine Santiago. Kabla jua halijatua, mtaa ulikuwa umeshampa huyo mwenza jina, masharubu na vikombe vya ushindi.

Iliuma. Angekuwa ni mwanamke aliyemwacha, Persio angejua pa kulilia, wapo wengi wa kumfariji. Lakini nani atakayekaa na wewe ulie kwa sababu ya mtu wa kucheza naye dhumna? Hasira hasara, na hasara yenyewe ilikuja Jumamosi asubuhi, alipomwendea Toñito akamwomba acheze naye. Toñito alikubali kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wa bonde lote kunyanyua vichwa.

Jumapili kipenu kilijaa. Persio alikaa upande wake, Toñito akakaa kwenye kiti cha Cirilo, na kete zilikuwa zinakorogwa pale Cirilo aliposhuka kwenye basi la Santiago. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mdomo ameuziba kwa leso kama anayepita penye vumbi. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake. Akamtazama Toñito. Akamtazama Persio. Leso akaishika palepale mdomoni.

Persio alitamani atukanwe. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Kumwuliza moja kwa moja hakuweza, maana maishani mwake hakuwahi kuuliza jambo lililotokea kweli. Akatumia njia aliyoijua.

"Chukulia," akasema, akitazama kete. "Chukulia mtu ana kompadre wake. Kompadre anaenda zake Santiago, simu hapokei. Anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. Huyo mtu afikirie nini?"

Cirilo akavuta kreti la bia, akaketi. Akatoa miwani, akatoa simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, hatua chache tu kutoka alipoketi Persio. Kwenye simu ya Persio, juu ya meza, pakatokea: Anaandika. Watu wakasogea. Toñito akawa anatangaza kama mpira wa fainali: anaandika, ameacha, amerudi, bado anaandika. Umeme ukakatika na hakuna aliyeguna. Doña Nereida alimimina kahawa, watu wakanywa, na kompadre alikuwa bado anaandika.

Simu ikalia. Kabla Persio hajaishika, Toñito alishaisoma, na kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine, akaisomea Moca nzima.

"Wamening'oa meno yote. Mapya bado. Kila nikikuandikia naona aibu, nafuta. Nikiongea nitachekwa. Ndiyo yangu ilikuwa ndiyo."

Leso ikashuka. Mashavu ya Cirilo yalikuwa yamebonyea kama mfuko uliotolewa mkate. Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akamfuata, na Cirilo akasimama, akaanza kukunja miwani yake ili aondoke.

Hapa ni lazima ujue jambo moja. Persio alisifika kwa meno. Kwa miaka aliwaambia wateja kwamba ni yake mwenyewe, ameyalea kwa kutafuna miwa, na vijana aliwahubiria hivyo hivyo wakiwa na wembe kooni. Basi Persio akaingiza vidole mdomoni, akachomoa meno ya juu, akachomoa ya chini, akayabamiza yote mezani kama anayefunga mchezo kwa sita kwa sita. Aliyekuwa akicheka akasahau kufunga mdomo.

"Toñito," akasema Persio, midomo ikimcheza. "Mpishe kompadre wangu."

Toñito akainuka haraka. Akatangaza kwamba hata hivyo yeye hachezi mahali ambapo meza inaweza kumng'ata. Doña Nereida akayachukua yale meno kwa koleo la barafu, akayatia kwenye glasi ya maji, akawaonya wateja kwamba glasi ile haiuzwi. Alipouliza ayarudishe lini, Persio akamjibu yakae hapo hapo mpaka ya Cirilo yafike.

Wakacheza. Cirilo akibamiza, Persio anaelewa. Cirilo akisita, Persio anaelewa. Na katikati ya mchezo, akisubiri zamu yake, Persio aliona haya peke yake. Kumbe Ijumaa ile alimsoma kompadre vizuri. Kweli alikuwa na kete mbili mkononi. Ila yeye alidhani ya pili ni usaliti, hata siku moja hakuwaza kwamba inaweza kuwa aibu.

Walishinda jioni, Cirilo akifunga kwa kete ambayo Persio alikuwa akiiombea kimoyomoyo. Mbuzi akaletwa mbele. Akawatazama washindi wake, mmoja kisha mwingine, akaendelea kutafuna boksi bila wasiwasi wowote.

Kuongea kulikuwa kunawatoa mate wote wawili. Persio akachukua simu na kuandika, ingawa magoti yao yalikuwa yanagusana chini ya meza.

"Chukulia watu wawili hawana jino hata moja. Wameshinda mbuzi. Wafanyeje?"

Akatuma, akanyoosha mkono aweke simu mezani. Haikufika. Ililia ikiwa bado hewani, na safari hii ile Anaandika hakuiona kabisa.

"Mchuzi, kompadre."