Futi na Nguchiro wa Fukayosi

Mwaka ule nguchiro wa Fukayosi walimtia Maulida adabu. Kuku wake walikuwa wakitotoa vizuri, lakini wiki haikwishi ila kila mama amebaki na vifaranga wawili au watatu. Na nguchiro hawakuja kwa kificho. Walikuja saa nne asubuhi, jua kali, wanne au watano kwa mkupuo, wakabeba walichotaka na kurudi zao kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba la mihogo.

Dadi, mumewe, alisema dawa ni mbwa. Maulida alizaliwa Bagamoyo mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara ambamo hata paka alikuwa na mipaka yake, na hakuwahi kumgusa mbwa maishani. Alitaka kupinga, lakini Dadi alikwisha kumuuliza shehe, naye akamwambia mbwa wa kulinda mifugo na shamba hana ubaya, mradi akae nje na chombo chake kiwe mbali. Maulida akakubali.

Jumapili Dadi akarudi na mbwa kutoka Mbweni, alikopewa na binamu yake Mikidadi, mtunza bustani ambaye tajiri wake alikuwa anahama nchi. Alikuwa haski, mbwa wa nchi za theluji: mkubwa, manyoya mazito kama godoro la sufi, jicho moja la buluu na jingine la kahawia.

"Ni mzuri," Maulida alikiri, amesimama nyuma ya mlango. "Lakini ataliweza joto hili?"

Hakuliweza. Kufika saa tano alikuwa amechimba shimo kando ya pipa la maji, amejilaza humo ulimi nje, anahema kama aliyetoka Miono mbio. Adhana ya adhuhuri iliposikika, akainua shingo na kulia kwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka, na Bi Biubwa, mama yake Dadi, akashika tama. Siku ya tatu nguchiro walikuja. Haski aliwatazama wakipita, akalaza kichwa tena. Alasiri, jua lilipopungua makali, akaamka, akajinyoosha, akaingia bandani na kumla jogoo.

"Nguchiro walikuwa watano," Bi Biubwa akamwambia mwanawe. "Sasa wewe umetuletea wa sita, tena huyu tunamlisha."

 Baada ya siku mbili Dadi akampeleka mbwa mjini kwa rafiki yake mwenye kiwanda cha barafu. Pale sakafu ilikuwa baridi kutwa nzima, na habari zikaja kwamba mbwa amenawiri, na wezi wanaliogopa lile jicho la buluu.

"Safari hii nachagua mimi," Maulida akasema.

Akamchukua binti yake Naila, mwenye miaka tisa, wakaenda Kerege kwa Bi Mgeni, daktari wa mifugo mstaafu aliyekuwa akiwatafutia makao mbwa walioachwa na wenyewe. Walimkuta uani, amezungukwa na mikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mnataka mbwa gani?"

"Yule wa Kijerumani, wa polisi," Maulida akasema, kwa kuwa ndiye pekee aliyemjua kwa sura.

"Hodari sana huyo. Haya, nani atamfanyisha kazi kila siku? Yule akili yake haitaki kukaa bure. Ukimfunga mnyororo kutwa, atakuwa mkali hata kwako. Na nyonga zake zikiugua uzeeni, utalia naye."

Maulida akaonesha mwingine, mwekundu mnene, aliyekuwa anamlamba Naila kiatu.

"Huyo ni labrado. Kwa watoto hana mfano. Ila atakula chakula chake, cha kuku na cha kwenu, na mwizi akija atampokea kwa furaha." Bi Mgeni akavuta kiti. "Mwanangu, usiniambie unataka mbwa gani. Niambie shida yako."

Maulida akaeleza habari za nguchiro na kichuguu. Bi Mgeni akacheka taratibu, akapiga mluzi, na kutoka nyuma ya banda akaja mbwa mdogo mweusi, mwili mrefu kama muhogo uliostawi, miguu mifupi, masikio yanakaribia kufagia chini.

"Huyu anaitwa Futi. Ukoo wake uliumbwa kuingia mashimoni. Ni jasiri kuliko kimo chake, na mbishi vilevile. Mgongo wake ni dhaifu, kwa hiyo asirukeruke wala asiachwe anenepe. Na kuku mtamfundisha kuwaheshimu, tangu siku ya kwanza."

Naila alikwisha kukaa chini, Futi mapajani mwake.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kazi. Asubuhi na jioni Maulida alimtembeza Futi kati ya kuku akiwa na kamba shingoni. Akimkodolea macho kifaranga huvutwa, akigeuza uso hupewa dagaa. Mara nyingi alijifanya kiziwi. Alifukua tuta la mchicha mara mbili, akambwekea kila mpita njia mwenye kofia. Lakini wiki ya nne kuku alipita mbele ya pua yake, naye akamgeukia Maulida kudai dagaa.

Asubuhi moja Dadi akiwa Mkange na Naila shuleni, nguchiro wakaja. Futi akatoka kama jiwe la manati. Wakakimbilia kichuguuni, naye akaingia nyuma yao hadi mkia ukapotea. Maulida akaita. Akaita tena. Hakutoka.

Alikwenda mbio kuchukua jembe, akaanza kupiga ovyo kile kichuguu kigumu kama saruji, machozi yakimtoka bila yeye kujua.

"Ngoja, Mama Naila." Bi Biubwa alikuwa amefika na sururu. Akapiga magoti, akaweka sikio udongoni. Kwa mbali kulisikika kubweka, kuzito kuliko umbo la mwenyewe. "Yuko huku. Chimba hapa."

Wakachimba kwa zamu, mkwe na mkwewe, mpaka adhuhuri ikakaribia. Udongo ulipobomoka, pua nyeusi ikachomoza, kisha kichwa, sikio moja limechanwa. Maulida akamvuta, akamkumbatia kifuani.

"Khanga yako hiyo," Bi Biubwa akasema.

Maulida akajitazama, mate na matope mpaka shingoni.

"Nitaifua mara saba, mama, kama dini inavyotaka. Na moja kwa udongo."

"Udongo tunao," Bi Biubwa akajibu, na wote wawili wakakaa palepale wakicheka hadi mbavu zikauma.

Kichuguu kikabaki kitupu. Nguchiro walihama kabisa. Kuku wakatotoa, na vifaranga wakakua wakavuka umri wa kuliwa. Tuta la mchicha Dadi alilizungushia wavu, maana Futi hakuacha kufukua. Bi Biubwa naye, kila akipata wageni, huwasimulia siku ile ya sururu, na kila akisimulia shimo huzidi kina. Safari ya mwisho lilikuwa limefika kiunoni. Maulida alikuwa akimimina chai. Akainamia vikombe, akificha kicheko.