Mshono wa Ndani

Mama Mdogo alikuwa ameshafika katikati ya ua wa kiwanda tulipotambua kwamba haendi chooni. Mkono mmoja ulishika kigoda chake, begani alining'iniza mfuko wa sindano, na aproni ilikuwa bado mwilini. Fundi wa gundi alichungulia dirishani akasema, "Jamani, yule anaondoka na kigoda." Mashine moja ikanyamaza, ikafuata ya pili. Kule ofisini ghorofani pazia lilikuwa limefungwa, na sote tulijua nani amesimama nyuma yake.

Sote tulimwita Mama Mdogo, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu ndivyo Mkurugenzi alivyomwita. Lakini kwa Mkurugenzi lilikuwa jina la damu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mdogo wa marehemu akambeba mgongoni akaja naye kazini, hapa hapa, kwenye kiwanda cha viatu cha shemeji yake. Alimlaza chini ya meza ya kushonea, juu ya mabaki ya ngozi, akampachika jina la Kisigino. Binti akakua, akasoma, akarithi kiti cha baba yake, na jina halikubadilika.

"Kisigino, umekula?" alikuwa akiuliza kwa sauti kutoka mezani kwake, wageni wakisikia.

"Mama Mdogo, nipo kwenye mkutano."

"Sijakuuliza upo wapi."

Mimi nilikuwa mfungashaji. Nimepita viwanda vya sabuni, vya magunia, vya biskuti, na kote nimeona wakubwa wakibana matumizi kwa kuanza na chai ya wafanyakazi. Mkurugenzi wetu chai hakuigusa. Alituita, akaweka viatu viwili juu ya meza yangu, kimoja chetu na kimoja cha plastiki cha wale waliokuwa wanatumaliza sokoni.

"Hiki kinauzwa nusu ya bei ya chetu," alisema. "Kwa bei hatukiwezi, tusidanganyane. Na wale wa viatu vya ofisini hatuwawezi kwa urembo. Tukitaka kushindana na kila mtu tutakufa. Kwa hiyo tunachagua: kiatu cha shule, kinachomaliza mwaka, kwa bei ambayo mzazi akiisikia hatageuka mlangoni. Buti tunaacha. Makubazi tunaacha."

Baada ya hapo akaanza kukifuata kiatu kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye boksi, meza kwa meza, akiuliza kila mtu anafanya nini na kwa nini. Fundi wa gundi alikuwa akitangulia kuwatania wenzake. "Ficheni vidole. Atauliza kwa nini mnahitaji kumi." Tulicheka, lakini mara nyingi yule binti alikuwa sahihi. Alipanga upya ukataji wa ngozi, na mabaki yakapungua mpaka mfagiaji akauliza kama tumefunga kazi. Aliona maboksi yangu yanabeba hewa zaidi ya viatu, akaagiza madogo, na gari likawa linabeba mzigo mkubwa kwa safari ile ile. Hakufukuza mtu.

Mwisho akafika kwa Mama Mdogo.

Meza ile ilikuwa ya mshono wa ndani. Kwa uzi wa nta na sindano nene, Mama Mdogo na wenzake walikuwa wanakaza ngozi ya juu kwenye soli, halafu soli ya ndani inabandikwa juu, uzi hauonekani tena. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuuona. Ndiyo ilikuwa meza ya polepole kuliko zote, na kazi ya kiwanda kizima ilikwama pale ikisubiri. Mkurugenzi alikuwa amepata gundi mpya. Akasema tujaribu kundi moja la jozi bila mshono, tumpe mnunuzi mmoja mwenye maduka kwenye miji mingi, watoto wazivae msimu mzima wa mvua. Zikihimili, atatupa mkataba mkubwa.

"Zikirudi je?" aliuliza Mama Mdogo.

"Zikirudi, tumekwisha," alijibu Mkurugenzi, huku akiandika, wala hakuinua macho.

Nadhani alilisema kama watu wanavyosema njaa inaniua. Mama Mdogo hakulisikia hivyo.

Jozi hazikurudi, hata moja. Mnunuzi akasaini. Siku ile Mkurugenzi alishuka ngazi mbio, viatu mkononi, akamkumbatia mama yake mdogo mbele yetu wote. Meza za mshono zikauzwa, washonaji wakahamishiwa kwenye gundi, na Mama Mdogo akapewa kazi ya kukagua. Viatu vikatoka kwa wingi ambao kiwanda hakijawahi kuuona.

Mvua zilizofuata vilirudi kwa magunia, midomo wazi, soli zinaning'inia kama ndimi.

Mnunuzi alikuja mwenyewe. Alileta jozi moja ya majaribio, ya mwanawe, kuukuu lakini nzima. Mkurugenzi aliichukua, akaiweka kwenye meza yangu, akaingiza kisu chini ya soli ya ndani na kuinyanyua.

Uzi ulikuwepo, umekazwa kwa nta, mishono midogo iliyobanana.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mkono ule tulikuwa tunaujua kama sauti ya mtu.

"Mama Mdogo," alisema taratibu. "Ulishona zote?"

"Zote. Nilikuwa nazichukua kwenye mfuko wa kitambaa, nazirudisha asubuhi kabla hujafika."

"Kwa nini?"

"Ulisema zikirudi umekwisha. Ningelalaje? Nikasema zisirudi."

"Zilitakiwa zirudi." Aliweka kisu mezani. "Kama gundi haifai, zilitakiwa zirudi zile chache. Ningetafuta gundi nyingine, au ningerudisha mshono nikapandisha bei kidogo. Yote yale niliyapanga. Mkataba mzima nimeupangia bei kwa kiatu ambacho hakipo."

"Nilitaka kukusaidia, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana sina la kukufanya."

Lakini lilikuwepo, na mnunuzi ndiye aliyelitaja. Kwake yeye ule ulikuwa utapeli: ameonyeshwa kiatu kimoja, ameuziwa kingine. Alisema kama Mkurugenzi alijua, wakutane mahakamani. Kama hakujua, basi aliyefanya atolewe kiwandani, na yeye ataendelea kununua, kwa mshono, kwa bei ya hasara mpaka fidia iishe. Akatoka kwenda kusubiri garini.

Mkurugenzi alitutazama. Nyuma yetu kulikuwa na familia zilizotutegemea, na alikuwa anazijua. Aliinua soli ile, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anayetaka kuibandika tena.

"Mwambie hukujua," alisema Mama Mdogo. "Ndiyo ukweli. Sema ni mimi."

"Usinisaidie tena," alisema Mkurugenzi. "Nakuomba. Usinisaidie tena."

Akapanda ofisini. Hakusema nenda. Mama Mdogo alikaa kidogo kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, kisha akasimama, akakichukua, akatoka.

Kiwanda kiliendelea kwa mkataba ule mpaka fidia ilipoisha, na mnunuzi akahamia kwenye viatu vya plastiki. Baada ya hapo kilifungwa. Jengo sasa ni ghala la saruji. Fundi wa gundi anatengeneza viti vya magari na bado anatania. Washonaji walitawanyika, wawili wanashona mikoba, wengine sijui. Mama Mdogo alihamia kwa binamu yake, akawa anarekebisha viatu vya majirani mpaka macho yalipomchoka. Alifariki kwa kifua. Mkurugenzi ameajiriwa na wale wale wa viatu vya plastiki, idara ya gharama, na nasikia wanamthamini sana. Alikuja mazikoni, akalipia kila kitu, akaondoka kabla ya chakula. Tangu siku ile ya kigoda wale wawili hawakuwa wamezungumza. Mimi nilihama mji mwezi uliofuata. Nafungasha vioo.