Mashine Iliyojifunza Kuamka Peke Yake

Stima ilipopotea mjini, Oduor alifurahi. Msimhukumu upesi. Majirani zake wa mtaa wa Kabiria walilaani giza, na kinyozi wa jirani aliwahi kumwacha mtu na kichwa nusu. Yeye aliketi kitandani akiitazama simu. Ikilia, alijua ni Bi Rumaisa.

Bi Rumaisa alikuwa mama wa Kimombasa mwenye duka la dawa katikati ya jiji. Wezi walipoibeba kompyuta yake ya kwanza, pamoja na magonjwa ya wateja wote yaliyoandikwa ndani, alimtafuta Oduor, fundi wa kompyuta, amwekee nyingine ambayo hata ikiibwa haitasema siri ya mtu. Oduor akaiwekea mfumo wa Linux, akaifunga diski nzima kwa neno la siri. Kila ikiwashwa, kabla haijafanya lolote, ilisimama na kuuliza neno hilo. Usiyelijua ungebaki mkitazamana nayo mpaka Kiyama. Bi Rumaisa mwenyewe alikataa kulijua.

"Mie na maneno marefu hatupatani, mwanangu. Kaa nalo wewe."

Akakaa nalo. Tangu hapo stima ikipotea na kurudi, mashine ilimngoja Oduor, na Oduor akawa mtu wa kungojwa. Alikwenda mjini, akaandika neno lake mara moja, kisha akakaa saa nzima akila mahamri kwa mbaazi huku Bi Rumaisa akimuuliza mbona amekonda, na kama amepiga simu kwao Ugenya. Huko Ugenya hakukuwa na mtu tena wa kupigiwa, lakini kuulizwa kulikuwa kutamu. Kazi zake nyingine zilikuwa za watu asiowaona, wanaomtumia ujumbe bila hata salamu. Wiki ingeweza kwisha pasipo mtu kulitaja jina lake kwa sauti. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kumfichia.

Na njia nyingine ilikuwapo. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu ndogo inayoweza kuushika ufunguo na kuutoa yenyewe, mradi kwanza ikague hatua za kuwaka na kuona hakuna aliyezichezea; mwizi angekwama mbele, kwenye namba fupi ambayo Bi Rumaisa huingia nayo kila asubuhi. Oduor aliijua tangu siku ya kwanza. Kila mwezi alijiambia ataitumia mwezi ujao.

Jumanne moja aliitwa mtaa wa matajiri wa Lavington kurekebisha mtandao wa nyumba yenye ukuta mrefu kuliko wa jela. Askari wa getini akanyoosha mkono. "Simu inabaki hapa, boss. Ni rule ya mdosi, mwenye nyumba."

Akaiacha. Asiyekuwapo na lake halipo: mjini stima ikapotea, ikarudi, na mashine ikauliza neno lake katika duka lisilo na wa kulijibu. Alipotoka alasiri na kurudishiwa simu, Bi Rumaisa alikuwa amepiga mpaka amechoka kupiga.

Alipofika dukani alimkuta mama mmoja, Nzula, ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, mtoto wake amelala mapajani. Mtoto alikuwa na kifafa na dawa zilikuwa zimemwishia. Kipimo chake, kilichobadilishwa karibuni, kilikuwa ndani ya mashine, na daktari wake hakupatikana. Bi Rumaisa alikataa kukisia, na alifanya vyema.

"Tumekungoja wewe," Nzula akamwambia. Hakuwa na hasira hata kidogo.

Siku nyingine yoyote Oduor angeyachukua maneno hayo akalala nayo. Siku hiyo yalimchoma. Akaandika neno, mashine ikafunguka, mtoto akapata dawa yake.

Bi Rumaisa alimimina chai. "Nilidhani umekufa, Oduor. Na ningemuuliza nani? Sijui hata unakokaa." Akaweka birika chini. "Hivi hakuna namna hii mashine ikaamka bila wewe?"

Oduor aliitazama chai. "Iko, mama. Imetoka juzi tu."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Oduor ilifika salama, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumshuku.

Akaanza kazi palepale. Ufunguo akaukabidhi kwa chipu. Kwa siku ambayo chipu ingekataa, akataka liwepo neno la dharura, na safari hii liwe la mwenye duka. Akageuza uso kwenye rafu ya dawa za kikohozi wakati Bi Rumaisa analiandika kwa kidole kimoja. Kisha akalifuta lile lake. Akaizima mashine, akaiwasha. Pale ilipozoea kusimama na kumuuliza, ilipita tu.

"Mashallah!" Bi Rumaisa akapiga makofi. "Sasa utapumzika, mwanangu."

Oduor alitaka kulia. Akakunja nyaya zake, akaaga.

Mvua zilipoanza, stima ilipotea na kurudi, ikapotea na kurudi. Simu ilinyamaza. Mara moja aliizima na kuiwasha upya, huenda ilikuwa imeharibika. Mwishowe akatoka bila kuitwa.

Duka lilikuwa limejaa. Bi Rumaisa alipomwona alishika kifua. "Kuna nini? Mashine itaharibika?"

"Hapana, mama. Iko sawa kabisa."

"Alhamdulillah." Akashusha pumzi, kisha akamtazama, akingoja. Nyuma ya Oduor mteja mmoja alikohoa kumwonyesha kwamba foleni ni ndefu. "Basi nikupe nini, mwanangu?"

Angeweza kusema: nimekuja kuketi tu. Bi Rumaisa angemvutia kiti, huenda hata angemkemea kwa kupotea. Lakini mtu aliyezoea kuitwa kwa sababu hajui kuingia bila sababu.

"Dawa ya kichwa," akasema. "Kichwa inaniuma."

"Pole." Kila mteja wa duka lile huandikwa, naye Bi Rumaisa akaisogelea kibodi. Aliandika herufi chache, akasita. "Oduor nani vile?"

Akamtajia jina la baba yake, herufi moja baada ya nyingine, polepole, ili asimalize upesi.