Maiti Haipangi Foleni

Koplo Fidelis alipima mwendo wa magari kwa macho, na macho yake, kwa maneno yake mwenyewe, hayakuwahi kukosea. Mwaka ule wa 1996 hakuwa na kifaa kingine zaidi ya filimbi na kitabu cha makosa. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alisimamisha lori la mpunga pale Kibaoni, Ifakara, akamwambia dereva kwamba jana yake, saa kumi kasoro robo jioni, lori hilohilo lilipita sokoni mbio, nusura liue watu.

Dereva, Kelestini Mwalongo wa Makambako, akacheka.

"Jana saa hizo nilikuwa ng'ambo ya mto, afande. Pantoni imenivusha saa kumi na nusu."

"Namba nimeiandika mimi."

"Basi umeandika ya mwenzangu."

Cheko lile ndilo lililomponza. Askari anaweza kukusamehe mwendo, lakini kumcheka mbele ya wauza ndizi hakusamehi. Fidelis akafungua kitabu, akaandika taratibu kama anayechonga jiwe, kisha akamwambia akiri kosa, alipe faini, aende zake.

"Sikiri," alisema Kelestini. "Nipeleke mahakamani."

Msidhani ni ushujaa. Leseni yake ilikuwa na makosa mawili tayari, na kila dereva wa njia ile alijua kwamba la tatu lingemfungia usukani. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini. Kazi nyingine hakuijua, jembe lenyewe lilikwisha kumsahau. Kukiri kwake kungekuwa kujizika.

Basi akaishia Ifakara. Tajiri wake alileta dereva mwingine akachukua lori, na leseni ikabaki kwenye droo ya Fidelis. Tarehe ya kwanza ya kesi, hakimu alikuwa safarini Mahenge. Tarehe ya pili, faili halikuonekana. Tarehe ya tatu, faili lilionekana, ila Fidelis mwenyewe alikuwa ameitwa Mlimba kwa shughuli ambayo hakuna aliyeijua. Kelestini alilala nyumba ya wageni yenye chandarua kilichotoboka, mbu wakamla, joto likampika, na kila alipouliza habari za kesi yake karani alimtazama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Mzee, huku kwetu mambo hayaendi mbio kama lori lako," karani alimwambia, wenzake wakaangua kicheko.

Aliwachukia wote. Aliuchukia mji mzima, na wali wake uliosifiwa hadi Dar es Salaam. Usiku alijirudia maneno atakayomwambia Fidelis siku atakayoshinda, na kila usiku yalikuwa makali zaidi.

Tena ushahidi alikuwa nao. Pale kivukoni kulikuwa na mzee Agapiti, karani wa pantoni, aliyeandika kila gari lililovuka, namba yake na saa yake. Ukurasa mmoja tu wa daftari lile ungemziba mdomo Fidelis. Lakini ukurasa huohuo ulikuwa na mwiba, na mwiba aliuchomeka Kelestini mwenyewe.

Siku ile alikuta malori kumi na moja mbele yake, na pantoni ilibeba mawili kwa safari. Kukaa pale mpaka kesho yake hakukumpendeza. Lakini sheria ya kivuko kila mtu aliijua: maiti haipangi foleni. Kelestini akamfuata mzee Agapiti, akanyong'onyeza uso, akamwonyesha turubai juu ya magunia, ambapo chini yake palikuwa na godoro alilolinunua Malinyi, limeviringishwa shuka. Hakuna mtu mwenye malezi anayefunua turubai la maiti. Agapiti alivua kofia.

"Ni nani, mwanangu?"

Uongo wa haraka hauna muda wa kuchagua jina. "Mama yangu," alisema. "Aurelia Mwalongo."

Agapiti akaandika kwa wino mwekundu, kama alivyowaandika marehemu wote waliovuka, kwa kuwa kila Jumamosi aliyanakili majina yao akayapeleka parokiani, yakasomwa kwenye misa ya Jumapili. Madereva kumi na mmoja wakasogeza malori yao. Kina mama wenye vikapu vya samaki wakapiga magoti kwenye vyuma vya pantoni, wakasali Salamu Maria hadi ng'ambo. Kelestini alisali nao. Angefanyaje?

Sasa, wiki ya nne, alikwenda kivukoni kumwomba Agapiti aje na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena. Mama mlimfikisha salama?"

Hapo mlango wa kutubu ulikuwa wazi kabisa. Kelestini aliutazama, akaupita.

"Tulimzika, mzee. Asante."

"Bwana ampe pumziko. Nitakuja. Mtu anasumbua yatima kwa sababu ya mwendo? Nitakuja."

Siku ya kesi Fidelis alifika, amepiga pasi hadi soksi. Akaapa, akasema aliyoyaona. Kisha mzee Agapiti akasimama, akavaa miwani yenye uzi, akasoma namba ya lori na saa ya kuvuka: kumi na nusu. Watu wakaguna. Hakimu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, akalichukua daftari.

"Hapa pana wino mwekundu."

"Ni maiti, mheshimiwa. Mama yake huyu. Ndiyo maana namkumbuka."

Fidelis hakuwa mjinga. Alinyanyuka.

"Mheshimiwa, kesho yake asubuhi nilimsimamisha. Hakunitajia msiba wowote. Alinicheka. Mtu mwenye maiti ya mama yake anacheka? Na kama hapakuwa na maiti, daftari lililoandika maiti isiyokuwepo litashindwaje kuandika saa isiyokuwepo?"

Hakimu akamgeukia Kelestini, akamkumbusha kwamba ameapa kwa Biblia.

"Siku ile ulikuwa umebeba maiti ya mama yako?"

Kelestini akaikumbuka leseni yake. Akamwona Fidelis, tabasamu limemkaa pembeni ya mdomo, na chuki ya wiki nne ikampanda.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilimbeba mama yangu."

Ndipo kwenye benchi la nyuma mwanamke mzee akasimama. Alijifunga kitenge cha kijani, miguu imejaa vumbi la stesheni, mkononi kikapu. Kelestini alimtambua kabla hajainua uso.

Mtu wa reli, mzaliwa wa Makambako, alikuwa amelisikia lile jina kwenye misa ya Ifakara, akapeleka habari nyumbani. Bi Aurelia alirudi kutoka kuvuna mahindi akakuta uani kwake watu wanalia. Baadhi yao walikimbia walipomwona. Yeye hakukimbia. Aliuliza nani amesema, akaambiwa ni mwanawe, akapanda treni kuja kumtazama machoni, na pale stesheni ya Ifakara wakamwelekeza mahakamani.

"Wewe mama una shida gani?" hakimu aliuliza.

"Natoka Makambako, mheshimiwa. Marehemu nilimfahamu."

"Unamfahamu na huyu mshitakiwa?"

Bi Aurelia akamtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechambua mchele, akitafuta hata chembe moja. Kelestini alifungua mdomo, lakini neno lolote ambalo angelitoa lingempeleka jela. Akaufunga.

Mama alimwona alivyoufunga.

"Simfahamu," alisema. "Ila mama yake alikufa, hilo ni kweli. Mzee ameandika sawasawa."

Akaketi. Mzee Agapiti akafanya ishara ya msalaba. Hakimu akaandika mistari mitatu: daftari limethibitishwa, shitaka limefutwa, leseni irudishwe.

Fidelis aliitoa leseni mfukoni akaitupa mezani. Kelestini hakumwambia hata neno moja kati ya yale aliyoyanoa usiku wote ule. Aliikwapua leseni, akatoka mbio.

Alimkuta mama yake stesheni, ameketi juu ya kikapu chake, amewapa mgongo watu. Akaja mbele yake, akapiga magoti kwenye kokoto, jasho linamtiririka, leseni bado iko mkononi.

"Shikamoo, mama."

Marahaba ya mama yake hakuwahi kunyimwa tangu azaliwe. Hata siku alipotoroka shule, hata siku alipouza mbuzi wa mahari ya dada yake, alipoamkia aliitikiwa kwanza, matusi yakafuata.

Bi Aurelia akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama mtu anavyomshika mgeni aliyefiwa.

"Pole sana na msiba, baba," alimwambia. "Mungu akutie nguvu."

Kisha akauachia mkono wake, akanyanyua kikapu, akaenda kuuliza treni ya Makambako inafika saa ngapi.